Upepo wa Usoni Haushindwi kwa Nguvu

SWALI: Niliacha gofu kwa miaka minane, sasa nimerudi. Uwanja ulio karibu nami ni wa kijijini: hauna miti ya kukinga upepo na ardhi yake ikilowa haikauki upesi. Fimbo namba 7 iliyokuwa ikinifikisha mita 130 sasa inaniacha mbali na grini, yaani eneo la majani mafupi lenye shimo. Wenzangu wanasema nipige kwa nguvu zaidi. Mmoja anataka kuniuzia draiva (fimbo ya kupiga mbali kabisa) "ya upepo", pamoja na bangili ya sumaku kwa ajili ya kiwiko ambacho kimeanza kuuma. Nianze na lipi?

JIBU: Usianze na lolote kati ya hayo. Na hilo la kupiga kwa nguvu ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu nalisikia kila hali ya hewa inapochafuka, na linawaharibu watu waliokuwa wameanza kurudi vizuri.

Tuseme mpira wako unaondoka kwa kasi ya mita 60 kwa sekunde na upepo unakuja usoni kwa mita 10 kwa sekunde. Mpira unakutana na hewa kwa mita 70 kwa sekunde. Ukinzani wa hewa hukua karibu kwa mraba wa kasi, kwa hiyo nguvu inayouzuia mpira imepanda kwa zaidi ya theluthi moja kabla hujafanya kosa lolote. Sasa ongeza nguvu: mpira unaondoka kwa kasi zaidi, ndiyo, lakini pia unazunguka zaidi kurudi nyuma, na mzunguko huo ndio unaounyanyua. Ndiyo maana mkwaju ulioondoka kwa kishindo unapanda, unazidi kupanda, unasimama juu, kisha unadondoka wima. Mchezaji anaamini hakutia nguvu ya kutosha, na mkwaju unaofuata anaongeza tena.

Fanya kinyume. Shika fimbo namba 6 au 5, zinazopeleka mpira mbali zaidi, mahali ulipozoea namba 7. Shusha mikono kidogo kwenye mpini, sogeza mpira nyuma kidogo katikati ya miguu, zungusha robo tatu tu na umalize mikono ikiwa chini. Utaona kama unapiga kivivu. Mpira utaruka chini, na mzunguko utapungua. Upepo ukitoka mgongoni, usitarajie urudishiwe mita zote ulizonyang'anywa. Upepo wa usoni huchukua zaidi ya unavyotoa ule wa nyuma.

Kuhusu mita 130 zako: sehemu yake ilikuwa mpira kubingirika kwenye ardhi kavu. Kwenye ardhi iliyolowa mpira unatua na kukwama hapohapo. Hesabu umbali wa hewani peke yake, na uache kujilinganisha na ulivyokuwa zamani. Halafu kausha fimbo. Maji yakikaa kati ya uso wa fimbo na mpira, msuguano unapotea. Kwa weji hasa, yaani fimbo ya mikwaju mifupi ya juu, mpira unateleza juu ya uso wa fimbo, unaondoka juu kuliko ulivyokusudia na haushiki grini. Taulo kavu iliyofichwa ndani ya mwavuli ina faida kuliko hiyo draiva.

Kiwiko nacho kina maelezo. Tazama alama unayoacha kwenye majani baada ya kupiga. Ikianzia nyuma ya pale mpira ulipokuwa, unachimba ardhi kwanza. Ardhi kavu ingeiruhusu fimbo iteleze. Udongo uliolowa unaimeza ghafla, na mshtuko wote unapanda kwenye kifundo cha mkono hadi kiwiko. Ongeza mpini uliolowa unaoung'ang'ania ili usiponyoke, na msuli wa mkono haupumziki shimo hadi shimo. Sumaku haina inachofanya hapo. Pumzika hadi maumivu yatulie, kisha rudi kwa mashimo 9, si 18, na kazi yako iwe moja tu: kugusa mpira kabla ya ardhi.

Jambo jingine ambalo waliorudi hawaambiwi: kanuni zilibadilika mwaka 2019, na kwenye uwanja uliolowa zinakusaidia. Mpira ukizama kwenye shimo ulilojichimbia wenyewe ulipotua, unautoa bila adhabu hata kwenye majani marefu, ila si ndani ya bunka (shimo la mchanga) wala eneo la adhabu (kama bwawa au mto uliowekewa alama). Ukisimama na maji yakaonekana juu ya ardhi kuzunguka viatu vyako, bila kukandamiza makusudi, hapo pia unaruhusiwa kuusogeza mpira bila adhabu, nje ya maeneo ya adhabu. Mpira sasa unaudondosha kutoka usawa wa goti, si bega. Wengi wanapigana na matope ambayo kanuni haiwalazimishi kuyapiga.

Ninachokiogopa zaidi kuliko alama zako ni hii biashara ya njia za mkato. Mtu aliyekaa nje miaka mingi ana haraka ya kupata umbali wake, na wauzaji wanaijua haraka hiyo kuliko anavyoijua mwenyewe. Atauziwa fimbo, mkanda wa kiuno, bangili, video ya kuongeza mita kwa wiki moja. Hakuna anayemwambia kwamba mgongo usiozoea tena kujipinda, ukilazimishwa kwa nguvu zote huku viatu vikiteleza kwenye majani yaliyolowa, ndio unaolipa. Kibaya kuliko vyote ni kumeza dawa ya maumivu kabla ya kucheza ili umalize mashimo. Dawa haiponyi msuli. Inakuzuia kusikia ukichanika.

Kwa hiyo kiwiko kikiendelea kuuma hata unapoinua kikombe, au mgongo ukianza kupeleka ganzi mguuni, weka fimbo chini na umwone daktari au mtaalamu wa viungo kabla ya raundi nyingine, si baada yake.