Wanakijiji wataamua nini?

Ndugu, umeuliza wanakijiji wataamua nini bila mtaalamu kuwashika mkono. Fika Gazi, kule Kwale, pwani ya Kenya. Tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni, unalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo mikoko hiyo huihifadhi. Wataalamu wapo, sikatai, wanapima miti. Ila pesa ikiingia, matumizi hujadiliwa barazani: tuvute maji, au tununue vitabu vya shule? Mama anayebeba ndoo kichwani ndiye ajuaye bomba likae wapi. Sisi kwetu tulichimbiwa kisima bila kuulizwa, kikatoa maji ya chumvi tupu. Wazee walijua upande ule haunyweki, basi tu hakuna aliyewauliza.