Ushauri kwa mstaafu anayetaka kujifunza kutengeneza saa za kale

Anza na saa ya ukutani yenye timazi, yaani uzito unaoning'inia na kubembea, ile ya kutiwa ufunguo mara moja kwa wiki. Saa za mkono ziache kwanza: vipande vyake vinamshinda hata kijana mwenye macho makali. Viwanda vya Connecticut, Marekani, kama Seth Thomas, na vya Ujerumani kama Junghans, vilitoa saa za ukutani kwa wingi mno mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo ya kujifunzia haikosekani. Saa aliyoacha babu isiwe ya kwanza kufunguliwa. Nunua mbovu isiyo na mwenyewe wa kuilalamikia.

Meza iwe ya juu, karibu na kifua, ili viwiko vikae juu yake; mkono ulioegemea hautetemeki. Tandika kitambaa cheupe, weka taa kali upande wa kushoto kama unatumia mkono wa kulia, na uvae miwani ya kukuza ya kichwani. Bisibisi za bei nafuu huharibu vichwa vya skrubu, kwa hiyo nunua seti moja nzuri. Kila hatua ya kufungua ipigwe picha kwa simu.

Hatari kubwa ni kamani, ule utepe wa chuma uliosokotwa unaoendesha saa. Ukilegeza nati za mabamba mawili ya shaba yanayoshika magurudumu wakati kamani ina nguvu, magurudumu yatazunguka kwa kasi, meno yatavunjika, na vidole havitasalimika. Saa inayopiga kengele ina kamani mbili, ya mwendo na ya kengele, na zote lazima zilegezwe. Shika ufunguo wa mpini mkubwa, uzungushe kidogo hadi uzito wote uingie mkononi, inua kile kichuma kinachozuia gurudumu lisirudi nyuma, kisha uache mpini uteleze polepole ndani ya kiganja. Kamani za Kijerumani mara nyingi zimo ndani ya kopo. Za Kimarekani ziko wazi: zijaze kwanza, zivishe pingu ya waya mnene, ndipo uzilegeze hadi zikae ndani ya pingu hiyo. Vaa glavu. Tia alama ipi ni ya mwendo na ipi ya kengele, kwa sababu unene wake unaweza kutofautiana.

Wengi hukimbilia kutafuta kipande kilichovunjika. Saa iliyosimama, mara nyingi, haijavunjika kitu. Nguvu ya kamani inapotelea njiani, kwenye uchafu na matundu yaliyolika. Kabla ya kufungua, sukuma gurudumu la kwanza mbele na nyuma kwa kidole, ukitazama ncha za mihimili ya magurudumu, zinazozunguka ndani ya matundu ya mabamba. Ncha inayoruka upande ndani ya tundu lake inakuonyesha mahali pa kazi. Vumbi hujikita kwenye shaba, ambayo ni laini, kisha hukwangua chuma kama msasa. Kwa hiyo ncha nayo huwa na mifereji. Ing'arishe kwanza, la sivyo bushi mpya, yaani kipete cha shaba kinachovishwa tundu lililolika, italika upesi.

Tundu hulika upande mmoja, kule linakosukumwa. Ukilipanua hivyo hivyo, bushi itakaa nje ya kitovu cha asili na meno hayatakutana vizuri. Chukua tupa ndogo ya mviringo, kwangua upande wa pili hadi ulingane na ule uliolika, ndipo upanue kwa rima, chombo cha kupanulia matundu, ukitokea upande wa ndani wa bamba. Gonga bushi, kisha ujaribu gurudumu hilo peke yake kati ya mabamba mawili: ukiyainamisha, linapaswa kuanguka lenyewe upande hadi upande. Mafundi wengine wa zamani waligonga shaba kuzunguka tundu ili libane. Utaziona alama hizo. Usiige.

Osha kwa dawa ya kusafishia saa, kausha upesi kwa hewa ya moto, na kila tundu lipitishe kijiti kilichochongwa hadi kitoke cheupe. Mafuta yawe ya saa, tone dogo kwenye kila ncha. Meno ya magurudumu yabaki makavu, maana mafuta hukusanya vumbi. Mafuta ya nazi huganda na ya cherehani hutambaa yakaondoka.

Ukiitundika, sikiliza: mapigo mawili yawe na nafasi sawa. Yakichechemea, pinda kidogo ule waya unaosukuma timazi, hadi yalingane.

Saa iliyorekebishwa Ulaya ikiletwa Mombasa au Zanzibar itachelewa kama dakika mbili kwa siku bila kosa la fundi. Mvutano wa dunia ni dhaifu zaidi karibu na ikweta. Jean Richer, mwanaanga Mfaransa, aliliona hilo huko Cayenne, Amerika ya Kusini, mwaka 1672. Sogeza juu ule uzito wa timazi. Kwenye timazi ya sentimita 25 hivi, milimita moja ni karibu dakika tatu kwa siku, kwa hiyo zungusha nati iliyo chini ya uzito huo kidogo tu, kisha usubiri hadi kesho. Pwani kagua pia ule utepe mwembamba wa chuma unaoning'iniza timazi; chumvi huula haraka.

Mwisho, iache itembee siku nane bila kuiongezea ufunguo, uandike inaposimama. Ikisimama siku ya sita, kuna msuguano uliobaki, na kamani ikiwa dhaifu ndipo unapojitokeza. Ikisimama kila mara mishale ikiwa mahali pamoja, tazama kama inagusana. Ikisimama dakika chache kabla ya saa kutimia, nguvu haitoshi kuinua wenzo wa kengele, kwa hiyo rudi kwenye matundu ya upande wa mwendo.