Usiseme ni Uzee

Juzi usiku dada mmoja wa Mwanza aliniandikia. Mbwa wake wa kike ana miaka 9. Siku hizi hataki kuinuka, bakuli la maji analimaliza mara tatu kwa siku, na chakula anakinusa tu na kuondoka. "Majirani wanasema ni uzee, nimwache apumzike. Wewe unasemaje?"

Nilikaa na ujumbe ule uani mpaka mbu wakanifukuza. Maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe juu ya Popi, mbwa wangu wa kike.

Popi aliingia kwangu Goba, Dar es Salaam, mwaka 2012, mtoto wa miezi miwili, nyumba bado haina plasta. Miaka ile nilikuwa peke yangu na watoto wawili. Alilala kizingitini usiku, na haikuibwa hata ndoo. Hakuzaa kamwe, maana kila akiingia joto, yaani siku zake za kutaka dume, nilimfungia bandani mpaka lipite, na kwa hilo nikaona nimemaliza wajibu. Habari ya kumtoa kizazi nilipoisikia niliiona ni mambo ya watu wenye fedha za ziada.

Mwezi wa nane 2021 aliingia joto kama kawaida. Wiki sita hivi baadaye akaanza kunywa maji sana. Nikasema jua limekuwa kali. Akaacha kukimbilia geti akisikia honi. Nikasema ni uzee. Nikaenda duka moja la dawa za mifugo, nikamweleza muuzaji, akanipa dawa ya sindano nimchome mwenyewe. "Miaka 9 huyo, mama, ameshakula chumvi nyingi." Neno lile lilinituliza, kwa sababu ndilo nililotaka kulisikia.

Siku ya nne tumbo lilikuwa limewamba kama ngoma. Nikampigia daktari wa wanyama. Alimfunua fizi, akampapasa tumbo, kisha akauliza swali moja tu: mara ya mwisho aliingia joto lini? Mji wa mimba ulikuwa umejaa usaha. Ugonjwa huo huwapata majike ambao hawajatolewa kizazi, hasa wakishakuwa watu wazima, wiki chache baada ya joto kuisha. Tiba ya uhakika ni kupasuliwa na kuutoa mji huo. Wengine hutokwa uchafu nyuma, ukauona mapema. Wengine mlango wa kizazi unajifunga, hakitoki kitu, sumu inabaki ndani, na hao ndio huondoka haraka. Popi alikuwa wa hao. Tulimpakia kwenye gari kumpeleka kwenye upasuaji, lakini hatukufika hata Ubungo. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwa binti yangu.

Mpaka leo nikipita duka lile natazama upande wa pili wa barabara. Lakini muuzaji alimjua Popi kwa dakika tano. Mimi nilikuwa naye miaka 9.

Baada ya hapo nilibadilika. Paka wangu Shani sasa ana miaka 13, na nalisema hili kwa fahari. Kila tarehe mosi namweka kwenye kapu na kumpeleka bucha ya jirani, tunampima kwenye mizani kabla nyama haijaanza kukatwa, na uzito wake naandika nyuma ya kadi ya chanjo. Mwaka juzi alishuka kutoka kilo 4.2 hadi 3.6 ndani ya miezi miwili. Kwa macho usingeona, ana manyoya mengi. Nilipomwangalia akila, nikagundua anakimbilia samaki, anamng'ata mara moja, kisha anarudi nyuma. Daktari alimkuta na meno matatu yameoza. Yaling'olewa, na baada ya wiki sita alikuwa amerudi kilo 4. Shangazi yangu alikuwa ameshasema, paka mzee hupungua, ndiyo kawaida yake. Hapana. Paka mzee akipungua kuna sababu: meno, figo, minyoo, kitu fulani. Na tafadhali usimpe parasetamoli akionekana na maumivu. Hata nusu kidonge kinaweza kumuua paka.

Mwaka nao una mambo yake. Masika, Machi hadi Mei, huku kwetu ni ya kupe. Kila jioni nachungulia ndani ya masikio na katikati ya vidole vya mbwa wangu wa sasa. Kupe wa mbwa hujificha hata kwenye nyufa za ukuta, kwa hiyo ukimwogesha mbwa ukaliacha banda, umefanya nusu ya kazi. Fizi zikipauka au damu ikimtoka puani baada ya kupe, ni safari ya kwa daktari siku hiyo hiyo. Juni na Julai mbwa mzee hujikunyata asubuhi, basi mtandikie gunia, asilale kwenye saruji. Septemba nakumbuka chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu tarehe 28 ni siku yake duniani. Chanjo hiyo ni ya paka pia, jambo ambalo wengi hawalijui. Dawa ya minyoo natoa kila miezi mitatu.

Ndugu zangu, tunaofuga tunapenda kusema mnyama hasemi. Anasema sana. Anasema kwa bakuli la maji lililokauka mapema, kwa kuchelewa kuinuka, kwa kulala mahali asipolala siku zote. Sisi ndio tunamjibu kwa neno moja, uzee, kisha tunaendelea na shughuli zetu. Uzee hauui mbwa kwa siku nne. Mnyama akifika miaka 7, mpeleke akaguliwe mara mbili kwa mwaka hata kama anaruka ukuta. Na jike ambaye huna mpango azae, mtoe kizazi akiwa bado kijana na mwenye nguvu.

Dada wa Mwanza, nilikujibu usiku ule ule na sijaona umesoma. Usimchome sindano yoyote. Mpakie kwenye gari, hata bajaji, umpeleke kwa daktari leo, na ukifika mwambie kwanza tarehe aliyoingia joto. Simu yangu iko wazi hata saa nane za usiku.