Vipimo Vipya vya Milima Visikuvurugie Orodha Yako

Msomaji mmoja wa Moshi kaniandikia kwa uchungu. Cheti chake cha Kilimanjaro kimeandikwa mita 5,895, shemeji yake kachokonoa mtandaoni akakuta vipimo vya setelaiti vya 1999 vinasema 5,892, na vya 2008 vikashuka hadi 5,891 na ushei. "Kaka, sasa mimi nimefika Uhuru au sijafika?"

Umefika, ndugu yangu. Ila umenitonesha kidonda, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Sisi wakusanya vilele, tunaopanda milima mirefu ya Afrika kwa kufuata orodha, tunajuana. Unaanza na Kilimanjaro, unakwenda Mlima Kenya, unajinyima hadi upate nauli ya Rwenzori, halafu linakuja swali: wa nne Afrika ni upi? Vitabu vya zamani viliupa Ras Dashen wa Ethiopia mita 4,620, Meru wetu wa Arusha ukabaki na 4,566. Kikundi nilichokuwa napanda nacho kilishika hizo namba kama msahafu. Nilipotuma picha zangu za Meru nikajibiwa kwamba huo ni mlima wa mazoezi kabla ya Kilimanjaro, nikamalizie Ethiopia ndipo jina langu liandikwe.

Mlima wa mazoezi! Aliyeandika hayo hajawahi kutoka Saddle Hut, kibanda cha mwisho kabla ya kilele cha Meru, saa saba usiku, akashika minyororo pale kwenye mwamba baada ya Rhino Point, kisha akatembea juu ya ukingo wa kreta huku jivu likimrudisha nyuma kila anapopiga hatua. Kunapokucha ndipo unaona ulikuwa unapita wapi. Kushoto kwako ni shimo, na chini kabisa kile kilima cha majivu kimekaa kama kichuguu.

Baadaye vipimo vya kisasa vikaushusha Ras Dashen hadi karibu 4,550, vingine 4,533. Meru ukawa juu. Nikawatumia namba hizo kwenye kundi, wakasoma, wakanyamaza. Siku chache baadaye orodha ikabadilishwa kimyakimya, na waliokwishapanda Ethiopia wakaambiwa waje Arusha. Sitaki unafiki, nilifurahi. Samahani sijaipata mpaka leo.

Sasa ushauri. Kwanza, elewa kwamba namba ikibadilika si lazima mlima umebadilika. Ile 5,895 ilitokana na upimaji wa 1952, watu wakipima pembe kutoka mbali kwa darubini. Setelaiti inapima kwa njia nyingine kabisa, halafu wataalamu wanakokotoa usawa wa bahari ungepita wapi chini ya mlima. Hapo pa kukokotoa ndipo mita mbili tatu zinapopotelea. Jiwe ulilokanyaga bado lipo palepale.

Pili, andika kanuni ya orodha yako kabla hujaanza kupanda. Unahesabu milima au vilele? Ukihesabu vilele, Mawenzi, kilele kingine cha Kilimanjaro chenye mita 5,149, kinaingia, na Speke na Baker kule Rwenzori vinawaacha Meru na Ras Dashen mbali, ugomvi wetu wote unakuwa wa bure.

Tatu, kando ya kila mlima andika tarehe, njia uliyopita, na urefu uliotambuliwa mwaka huo. Usifute. Waskoti wana orodha yao ya Munro, milima inayozidi futi 3,000, yaani mita 914.4. Sgùrr nan Ceannaichean uliondolewa 2009 na Beinn a' Chlaidheimh 2012, kila mmoja kwa upungufu usiofika mita moja. Ikabaki 282. Waliokwishaimaliza orodha hawakupungukiwa na kitu. Mwenye hasara ni yule aliyeiruka milima iliyo chini kidogo ya mstari, siku mmoja wao ukiingizwa kwenye orodha. Kwa hiyo ukiwa jirani na mlima wenye utata, upande tu.

Na tuache kudharauliana kwa mita, jamani. Mtu kalipa kiingilio, kabanwa na kichwa usiku kucha, kafika, halafu wewe uliyekaa sebuleni na simu unamkatia daraja. Hiyo si michezo, ni roho mbaya. Heshimu miguu ya mwenzako.

Mimi Ras Dashen nitaupanda, na akiba nimeshaanza kuweka. Siendi kwa ajili ya kile kikundi. Ila picha nitawatumia.