Uchungu ukianza kabla ya wakati, uliza zimebaki siku ngapi

Mimba yangu ya kwanza ilikuwa na wiki 29 tumbo lilipoanza kukaza na kuachia, kila baada ya dakika nane hivi, huku kiuno kikivuta. Nililazwa, na siku hiyohiyo nikachomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Nikakaa kitandani nikimsubiri. Mtoto alikuja wiki nane baadaye.

Wengi wetu tunaamini kwamba uchungu wa mapema ukishaanza, mtoto yuko mlangoni. Sivyo. Wanaolazwa kwa dalili hizi wakajifungua ndani ya wiki moja ni wachache. Na hesabu hii ya siku ina uzito, kwa sababu sindano zile humsaidia mtoto zaidi akizaliwa kati ya saa 24 na siku saba baada ya dozi ya kwanza. Zangu zilichomwa mapema mno, na hakuna aliyepima chochote kwanza.

Mimba ya pili tumbo lilipoanza tena, wiki ya 31, nilifika na swali mdomoni: shingo ya kizazi imebaki na urefu gani? Hupimwa kwa altrasaundi inayoingizwa ukeni. Haiumi, na mama mwenzangu, usiikatae kwa aibu. Ikizidi milimita 30, uwezekano wa kujifungua wiki hiyo ni mdogo sana. Ikishuka chini ya 15, jiandae. Yangu ilikuwa 12.

Kuna pia kipimo cha ute wa ukeni, kinachotafuta protini iitwayo fibronektini. Jibu lake la "hapana" ndilo la kutegemea: likitoka hasi, karibu wote hupita wiki nzima bila kujifungua. Likitoka chanya usivunjike moyo, maana wengi wenye jibu hilo huendelea kubeba mimba. Ila ute uchukuliwe kabla hujapimwa njia kwa vidole, na useme wazi kama umetoka damu au umelala na mumeo ndani ya saa 24 zilizopita, kwani vyote viwili huharibu jibu. Chupa ikishapasuka, kipimo hiki hakina kazi tena.

Pasipo na vifaa hivi, omba mkunga akupime njia, kisha arudie baada ya saa mbili. Kama njia inazidi kufunguka, huo ni uchungu wa kweli. Hapo ndipo pa kuuliza kama hospitali uliyopo inaweza kulea mtoto njiti. Kama haiwezi, uhamishwe mtoto akiwa bado tumboni. Nalisisitiza hili kuliko yote, kwa kuwa kumsafirisha kichanga aliyekwisha kuzaliwa ni hatari zaidi.

Nilichomwa deksamethasoni, zile sindano za mapafu ya mtoto, mara nne, kila baada ya saa 12, nikapewa na vidonge vya kutuliza tumbo ili tupate siku mbili za sindano kufanya kazi. Vidonge hivyo havizuii uchungu moja kwa moja, vinanunua muda tu. Saa ya sindano ya kwanza niliiandika nyuma ya kadi yangu ya kliniki, na kila muuguzi aliyeingia zamu nilimwonyesha. Binti yangu alizaliwa siku ya nne, akalia mwenyewe.