Pacha wa kufanana, jeraha la ubongo kwa mmoja tu

SWALI: Wanangu ni pacha wa kufanana, wana miezi minane. Mmoja anakaa mwenyewe. Mwenzake miguu imekakamaa na hupishana kama mkasi nikimwinua. Picha ya ubongo imeonyesha jeraha lililotokea kabla ya kuzaliwa. Tumbo moja, mama mmoja, chakula kile kile: imekuwaje aumie mmoja? Na mdogo wangu ana mimba changa ya pacha, afanyeje?
Mama Pacha

JIBU: Tumbo ni moja, lakini mgawo wa damu si mmoja. Takriban saba kati ya kila jozi kumi za pacha wa kufanana hutumia kondo moja la nyuma, na ndani ya kondo hilo mishipa ya mtoto mmoja huungana na ya mwenzake. Damu ikienda na kurudi kwa kiasi sawa, wote hukua vizuri. Ikielemea upande mmoja, anayetoa hubaki na damu na maji kidogo, na anayepokea huzidiwa, moyo ukachoka na damu ikawa nzito. Ubongo wa yeyote kati yao unaweza kuumia. Wakati mwingine mishipa ni myembamba mno, damu huvuja polepole kwa wiki kadhaa, na maji ya uzazi hayabadiliki. Hali hii hupita bila kuonekana. Au mmoja hupata kipande kidogo tu cha kondo na kulishwa nusu nusu.

Kwa hiyo si chakula, si kazi uliyofanya, na anayekulaumu hajui asemalo. Ukitaka kujua kilichotokea, omba faili la uzazi na utazame mambo mawili: uzito wao (tofauti ya asilimia 25 au zaidi inaeleza mengi) na himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ya siku ya kwanza. Wakitofautiana kwa zaidi ya gramu 8 kwa desilita, mmoja mweupe na mwingine mwekundu sana, huenda damu ilikuwa ikivuja polepole.

Mazoezi ya viungo yaanze sasa. Usikubali kuambiwa "atamfikia mwenzake tu". Apimwe pia macho na masikio. Yule anayekaa mwenyewe pia achunguzwe, hata kama anaonekana mzima.

Mdogo wako apime ultrasaundi kati ya wiki ya 11 na ya 14, na aulize swali moja: kondo ni moja au mawili? Wakati huo utando unaotenganisha watoto huonyesha jibu waziwazi; baadaye makondo mawili yanaweza kugusana yakaonekana kama moja. Kama ni moja, apimwe kila wiki mbili kuanzia wiki ya 16: kina cha maji kwa kila mtoto, kibofu, ukuaji, na kasi ya damu kwenye mshipa wa ubongo. Kipimo hicho cha mwisho husahaulika sana, nacho ndicho kinachofichua ule uvujaji wa polepole. Kabla ya wiki ya 20, maji chini ya sentimita 2 kwa mmoja na zaidi ya 8 kwa mwingine ni dharura. Leza inaweza kufunga mishipa hiyo, kwa kawaida kati ya wiki ya 16 na ya 26. Tumbo likivimba ghafla kwa siku chache au akikosa pumzi, aende siku hiyo hiyo bila kungoja miadi.

Kwa pacha wa kondo moja, ikitokea mmoja akafia tumboni, damu ya aliye hai inaweza kukimbilia kwa aliyekufa ndani ya muda mfupi. Kuzalisha haraka kwa kawaida hakurudishi kilichoharibika, na kunaweza kumwongezea aliyebaki matatizo ya unjiti. Kipimo cha MRI (picha ya ndani inayopigwa kwa sumaku) cha ubongo wa aliyebaki hufanywa wiki tatu hadi nne baadaye. Kikifanywa mapema mno, jeraha huenda lisionekane.