Ndiyo, tunaosha wazee: jibu kwa wanaouliza kuhusu kazi ya CNA (msaidizi wa nesi mwenye cheti)

Tangu binamu yetu ashinde bahati nasibu ya viza ya Marekani, kundi la familia halilali. Shangazi ameuliza kwa uchungu: "Mtoto ana digrii, kweli aende akapanguse wazee?" Binamu mwenyewe anaogopa jambo jingine, kwamba kozi ya wiki chache haiwezi kumfundisha mtu kazi ya maana. Hii ndiyo kazi ninayoifanya hapa Minnesota, kwa hiyo nijibu bila kupaka rangi.

Shangazi, ni kweli. Tunaogesha, tunabadilisha nepi, tunapima kiasi cha mkojo na kukiandika kabla ya kuumwaga. Kinyaa huisha upesi kuliko mnavyodhani. Kisichoisha ni hofu ya mtu kuanguka akiwa mikononi mwako. Bibi wa miaka 85 akivunjika nyonga huenda asitembee tena, na wapo wasiomaliza mwaka. Ukiitazama vizuri, sehemu kubwa ya kazi hii ni kuzuia: asianguke, asipaliwe, asiote vidonda vya kulalia, asiambukizwe.

Kuhusu kozi: sheria ya shirikisho ya 1987 inadai angalau saa 75 za mafunzo, 16 kati yake zikiwa za vitendo chini ya msimamizi. Minnesota inatosheka na hizo 75, California inataka 160. Halafu kuna mtihani wa maswali na wa vitendo, ukifaulu jina lako linaingia kwenye rejista ya jimbo. Binamu, sikia hili: makao ya wazee yanayolipwa na Medicare au Medicaid, yaani bima za afya za serikali, yakishakuajiri, au hata kukuahidi kazi tu, hayaruhusiwi kukutoza ada ya mafunzo hayo. Wajanja wa kukulipisha wapo, na baadhi yao wanaongea Kiswahili kizuri kabisa.

Sasa kazi yenyewe. Chukua babu aliyepata kiharusi, upande wa kushoto umepooza, anataka kutoka kitandani akae kwenye kiti cha magurudumu. Unabisha hodi, unanawa mikono kwa sekunde 20, unajitambulisha, unamweleza unachotaka kufanya, unavuta pazia. Kiti unakiweka upande wake wa kulia, wenye nguvu. Unafunga breki za kiti na za kitanda, unashusha kitanda mpaka nyayo zake ziguse sakafu, unamvisha viatu visivyoteleza. Unamwacha akae kidogo ukingoni, maana presha ya damu hushuka na kizunguzungu humpata. Kuna mkanda maalumu wa kumshikia: unaufunga kiunoni mwake juu ya nguo, na hapo ndipo unapomshikia. Unakunja magoti, si mgongo, mnahesabu pamoja, anasimama.

Hapo ndipo sisi tuliolelewa vizuri tunapokosea. Nyumbani mzee huinuliwa kwa kumshika makwapani, na hiyo ni heshima. Hapa ni kosa: bega lililopooza huteguka kirahisi. Heshima yetu nyingine ni kumfanyia mzee kila kitu. Babu huyo anaweza kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, dakika kumi nzima, na kazi yako ni kusubiri. Ukimfungia kila siku, baada ya muda mfupi hataweza tena. Shati lenyewe linaanzia mkono mgonjwa wakati wa kuvaa, na wakati wa kuvua huo ndio wa mwisho.

Akianza kuanguka, usishindane naye. Mvute karibu nawe, mteremshe taratibu kwenye paja lako mpaka chini, ita nesi, na usimwinue kabla hajakaguliwa. Asiyeweza kusimama kabisa anabebwa kwa mashine, nanyi muwe wawili, hata kama mwenzako amenuna.

Mengine utayashika: kumgeuza wa kitandani kila baada ya saa mbili, kumlisha akiwa amekaa wima, mfuko wa mpira wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu, kitufe cha kuita kiwe karibu na mkono wake kila unapotoka chumbani. Na usimfunge mtu kitini eti atulie. Sheria inakataza kumfunga kwa ajili ya urahisi wako.

Utatukanwa pia. Yupo atakayesema hataki kuguswa na mtu mweusi, mwingine akili imeshamtoka na anakupiga ukimvua. Hakikisha yuko salama, ondoka, mwite mwenzako, mwambie nesi, andika.

Pesa? Takwimu za serikali za 2023 ziliweka malipo ya kati ya CNA kwenye dola 18 na ushee kwa saa. Kodi ya nyumba inameza sehemu kubwa, ndiyo maana wengi wetu tunapiga dabo, zamu mbili mfululizo. Saa kumi na moja alfajiri, baada ya dabo, ndipo mtu husahau breki. Migongo ya watu wa kazi hii huumia mno, na mgongo ukiharibika hakuna wa kukulipia kodi.

Kwa hiyo binamu, kwenye usaili usiulize mshahara peke yake. Uliza zamu ya usiku msaidizi mmoja anapewa wazee wangapi, na mashine za kubebea ziko ngapi na zinafanya kazi. Wakikwepa swali, tafuta kwingine. Hapa kazi hii haikosekani.